Fundi Kesho na Milango Iliyong'aa

Mimi ni mtu wa hasira. Nasema mapema ili usije ukanikatiza katikati ya maneno kuniuliza kwa nini nilimfokea fulani au kwa nini niliipiga ndoo teke. Nilizaliwa hivyo, mama yangu alikuwa hivyo, na binti yangu mkubwa naona ameshaanza. Lakini leo sikuja kusema habari za hasira zangu. Nataka kumsema mtu mmoja kwa mema, angali hai na masikio yake yanasikia, maana tuna tabia mbaya ya kuwasifu watu wakishafukiwa.

Gereji nzima inamwita Fundi Kesho. Najua unachofikiri. Fundi wa nguo akikwambia njoo kesho, ujue kitambaa chako hata mkasi hakijaonana nao. Seremala akikwambia njoo kesho, kitanda chako bado ni mti. Huyu wetu alisema kesho kwa sababu gundi ndiyo iliyoitaka hiyo kesho. Ukimletea gari saa nne asubuhi, atabandika kinachobandikwa, atatia funguo zako mfukoni mwake, kisha atakwambia, "Njoo kesho saa nne." Ukija saa tatu atakupa kiti na chai mpaka saa nne ifike. Hata uwe na haraka ya kwenda kuoa, gari hulipati.

Gari lina vitu vingi visivyoshikwa na skrubu. Ile mikanda ya plastiki inayopita ubavuni mwa milango, nembo ya nyuma, vikinga mvua vya juu ya madirisha, kioo kidogo cha ndani, kitambaa cha dari kinacholegea kikamkalia dereva kichwani. Vitu hivyo vikibanduka, mwenye gari hukimbilia dukani, akanunua gundi ya haraka ya kijichupa, akapaka, akabonyeza, akajisifu kwa mkewe. Wiki mbili baadaye anatujia na mkanda mkononi, umefanya ukoko mweupe kingo zote, na rangi ya mlango imetoka nao.

"Gundi ya haraka haina ubaya," Fundi Kesho humwambia taratibu, hataki kumwaibisha. "Inafaa kikombe kinachokaa kabatini. Gari linatetemeka, linachomwa na jua, linanyeshewa. Gundi ikikauka ikawa ngumu, ukiitetemesha inavunjika. Hapa tunataka kitu kinachonyumbuka."

Ndipo anafungua sanduku lake la bati. Mle ndani kila gundi ina chumba chake. Kuna tepu nene ya pande mbili, ile yenye sponji katikati, hiyo ndiyo ya mikanda na nembo. Kuna mirija miwili ya kuchanganya, hiyo ni ya vishikizo vilivyovunjika ndani ya plastiki. Kuna gundi nyeusi ya vioo, inayonuka mpaka machozi yanatoka. Kuna kichupa cha kioo cha ndani peke yake, kwa sababu kile kinapigwa na jua kutwa nzima. Mteja akianza kubishana kwamba yote ni gundi tu, Fundi Kesho anavua miwani, anaifuta, anamwuliza, "Unataka kishike, au unataka kionekane kimeshika?" Sijawahi kumwona mtu aliyejibu hilo la pili.

Ujuzi huo hakuupata shuleni. Baba yake alikuwa fundi viatu, na yeye alikulia chini ya benchi la baba yake, kwa hiyo pua yake ilijua gundi kabla macho hayajajua herufi. Gundi ya ngozi hupakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka isinase kidole, ndipo viunganishwe. Yeye alikuwa mtoto, aliunganisha ingali mbichi, na baba mtu alikuwa na kiatu mkononi. "Mimi subira nilifundishwa kwa soli," husema, na anajishika shavu mpaka leo.

Wala si malaika. Kuna siku alijibandika kidole gumba kwenye nembo ya gari la mteja, kwa gundi hiyohiyo ya haraka anayoisema. Alisimama wima nyuma ya gari lile karibu nusu saa, na kila aliyepita akimwuliza vipi, alijibu, "Nalinda gari." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mkewe ndiye aliyekuja na maji ya moto na sabuni kumtoa.

Sasa nikwambie nilivyoingia pale. Nilikuwa nimeshafukuzwa sehemu mbili za kuosha magari. Ya kwanza nilimwambia mteja ukweli kuhusu harufu ya gari lake. Ya pili nilimmwagia msimamizi maji, na sijutii sana. Nikaja gereji hii na ndoo yangu na matambara yangu, nikamkuta Bosi, mwenye gereji, jitu la miraba minne lenye kijiti mdomoni, ananitazama kutoka juu mpaka chini.

"Hapa nani anakujua?" akaniuliza.

Nani angenijua? Mafundi wote walijifanya wanatafuta spana. Ghafla mzee mmoja wa makamo, mwembamba, shati limepigwa pasi kana kwamba anakwenda benki, akainua kichwa kutoka kwenye bampa alilokuwa analifuta.

"Mimi namjua. Ni shemeji yangu."

"Shemeji upande gani?"

"Upande wa mke wangu."

Bosi akatafuna kijiti chake. "Haya, aanze kazi. Lakini akimmwagia mtu maji, nakuuliza wewe." Kumbe habari zangu zilikuwa zimenitangulia.

Mimi mtu yule sikuwa nimewahi kumtia machoni. Nilimfuata nyuma ya gereji nikamwuliza, kwa ukali, ndivyo nilivyo, amenisemea kwa sababu gani na anataka nini kwangu. Akasema, "Sitaki kitu. Nimeona umekuja na ndoo yako mwenyewe. Mtu anayekuja na ndoo yake anataka kazi." Akarudi kwenye bampa lake.

Basi tukawa mashemeji. Mwanzo ilikuwa ya kumdanganya Bosi, halafu ikazoeleka, halafu ikawa kweli. Mkewe alianza kuniita mdogo wangu. Mwanangu wa pili alipolazwa kwa homa, huyo dada yangu wa uongo ndiye aliyekaa naye hospitali mchana ili mimi nisikose kazi. Miaka sita, hata siku moja Fundi Kesho hakunikumbusha kwamba kama si yeye ningekuwa nazurura na ndoo. Mtu akikutendea wema wa namna hiyo unatafuta pa kuulipia, hupaoni, inakukera. Mimi nilitafuta sana. Na siku nilipodhani nimepaona, nusura nimmalize.

Ilikuwa Jumatatu. Kampuni moja ya usafirishaji ilituletea magari madogo sita ya abiria, meupe yote, yawekewe mikanda mipya ya milango. Kazi kubwa. Bosi alikuwa anazunguka kama kuku anayetaka kutaga. "Fundi, magari yatoke kesho mchana. Yakipendeza watatuletea mengine ishirini."

Desturi ya Fundi Kesho ni kwenda mlango kwa mlango. Anaosha kwa maji na sabuni, anakausha, anafuta kwa spiriti na kitambaa safi, anabandika hapohapo kabla hata nzi hajatua. Ndipo anauendea mlango mwingine. Siku ile, kwa vile Bosi alikuwa anampumulia shingoni, alifanya jambo ambalo halifanyi. Alifuta milango yote ya magari yote sita asubuhi, ili mchana iwe ni kubandika tu. Kufikia saa saba alikuwa amemaliza kufuta, akaenda kula.

Mimi nikabaki pale nayatazama yale magari. Spiriti ikifuta inaacha rangi kavu, imefifia, haina uhai. Nikasema moyoni, jamani, kazi kubwa ya shemeji yangu iwe hivi? Watu wa kampuni waje wakute magari yamepauka kama miguu ya mtoto aliyetoka kucheza? Nilikuwa na chupa mpya ya polishi, nzuri, ile ya kunyunyiza. Nikaanza na magari mawili ya mwisho. Nilinyunyiza, nikasugua, nikafuta, nikasugua tena. Niliimba hata. Milango ikang'aa ukaweza kujitazama meno. Nilikuwa nataka kuendelea na mengine manne, mteja wangu akaniita, nikaenda. Nashukuru Mungu kwa mteja yule, japo alikuwa na kelele.

Fundi Kesho alirudi, akabandika mikanda yote. Rangi nyeupe haitoi siri. Kilichong'aa na kisichong'aa vyote ni vyeupe tu, tena kwa macho yake yale na miwani ile. Magari yakalala, yakaondoka kesho yake mchana. Sikumwambia nilichofanya. Nilitaka asifiwe, asijue sifa zimetoka wapi. Jamani, mimi!

Jumatatu iliyofuata meneja wa ile kampuni alifika na magari mawili, na mikanda mitatu kaiweka kiti cha nyuma. Mmoja ulikuwa umebandukia barabarani, gari likiwa kwenye mwendo, ukamrukia mwendesha pikipiki. Maskini alikwepa, akaingia mtaroni, akatoka na matope mpaka kope, lakini mzima, hana hata mchubuko. Mikanda mingine ya magari yale mawili ukiivuta kwa kidole ilikuwa inakuja kama ganda la ndizi. Meneja alisema Jumamosi atakuja kusikia gereji imeamua nini juu ya mtu aliyefanya kazi ile. Bosi akamgeukia Fundi Kesho, na kijiti hakikuwepo mdomoni. Hapo tulijua mambo ni makubwa.

Mimi damu ilinipanda. Nani mwingine wa kulaumiwa kama si muuza vipuri aliyetuuzia tepu? Nilivuka barabara na aproni yangu inachuruzika maji, nikaingia dukani kwake, wateja wamejaa.

"Wewe! Unatuuzia tepu bandia, watu wanataka kufa!"

"Mama, pole pole, tepu gani?"

"Usiniambie pole pole! Umemharibia shemeji yangu jina, mzee mzima, mvi zote zile!"

Alikata kipande cha tepu kutoka kwenye roli ileile, akafuta meza yake ya kioo, akakibandika pamoja na kipande cha plastiki, akakikandamiza kwa kiganja. "Vuta," akasema. Nikavuta. Nikavuta kwa mikono miwili. Niliweka mguu kwenye meza ya watu, nikavuta, meza ikanifuata. Wateja wakacheka. Nikamwambia asijidanganye, nitarudi, nikatoka nimenuna.

Niliporudi gereji nikamkuta Fundi Kesho ameinama kwenye moja ya magari yale mawili, ana kikombe cha maji. Alikuwa ameshautazama mkanda ulioanguka na kuona tepu yote imebaki kwenye mkanda. Mlangoni haikubaki hata alama. Maana yake tepu ilishika plastiki vizuri, ikakataa rangi. Akamwaga maji mlangoni polepole.

Maji hayakutambaa. Yalijikusanya matone matone, mviringo, yakaporomoka kama shanga.

Mimi ni muosha magari. Hakuna mtu anayeyajua maji juu ya rangi kuliko mimi. Maji yakifanya vile, chini yake kuna polishi, na polishi ile ina mafuta ambayo hayakubali kushikwa na kitu chochote. Ile hasira yangu yote ikanirudia mimi mwenyewe. Yeye akainua macho. Akaitazama chupa yangu iliyoning'inia kiunoni. Akanitazama mimi. Shukrani ya punda ni mateke, wahenga walisema, na punda alikuwa mbele yake na aproni.

"Shemeji," akasema, sauti yake ileile ya siku zote. "Nenda kamwombe radhi muuza vipuri."

Nilikwenda. Muuza vipuri alinisamehe kabla sijamaliza sentensi, nikaona haya zaidi.

Kesho yake asubuhi nilimsikia Fundi Kesho ofisini, mlango umefunguliwa nusu. "Kosa ni langu, Bosi. Nilifuta milango mapema, ikakaa wazi. Sikufuta tena kabla ya kubandika. Mimi ndiye fundi."

"Basi unanipa nini cha kumwambia meneja? Jumamosi atataka kuona nimefanya kitu."

"Mwambie nimeondoka."

"Jumamosi, basi," Bosi akasema. Alisema kwa huzuni, siwezi kumsingizia, lakini alisema. Miaka kumi na minane ya mtu gerejini pale, imekwisha kwa maneno mawili.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana ningeweza kuficha. Nilinyamaza. Jumanne yote nilinyamaza. Jumatano yote nilinyamaza. Nilikuwa na watoto watatu wa shule na hakuna sehemu ya kuosha magari katika mji ule ambayo haikuwa na habari zangu. Nilijiambia, yeye ni fundi, atapata kazi popote. Nilijiambia, mbona mwenyewe amesema ni kosa lake? Mimi mwenye mdomo mrefu kuliko barabara, mimi niliyewafokea watu wasio na kosa, siku mbili sikuwa na neno. Na yeye alikuwa anapita karibu yangu ananisalimu, "Shemeji, umeamkaje? Watoto?" kama kawaida. Heri angenitukana.

Jumatano mchana mkewe alinipitishia sweta la mwanangu alilolishona kiwiko. Hakujua lolote. Alisema, "Mdogo wangu, mzee siku hizi halali vizuri, hebu mchekeshe kidogo huko kazini." Nililichukua lile sweta nikaingia chooni nikalia.

Alhamisi asubuhi niliingia ofisini kwa Bosi bila kubisha hodi.

"Ni mimi. Niliipaka polishi ile milango wakati Fundi amekwenda kula. Magari mawili ya mwisho. Ndiyo maana yale manne hayakubanduka."

Bosi akaniangalia, akatabasamu. Alitabasamu! "Mama, moyo wako ni mzuri. Lakini huyo ni shemeji yako. Lazima umtetee. Hata mimi shemeji yangu ningemtetea."

"Si shemeji yangu!"

"Ati nini?"

"Si shemeji yangu. Hatuna undugu. Alikudanganya ili unipe kazi. Mimi siku ile ndiyo kwanza namwona."

Bosi akakaa. Kiti kikalia. "Kwa hiyo," akasema, anahesabu kwa vidole, "miaka sita mmenidanganya nyote wawili. Na leo unataka nikuamini."

Njia ya mwongo fupi, na yetu iliishia mlangoni pa ofisi ile. Nilitaka kupiga kelele, nikaona kelele haitanisaidia. Nikatoka nje, nikaenda kwenye mlango mbovu wa gari uliokuwa umeegemea ukutani miezi mingi, nikauburuta mpaka mbele ya ofisi. Mafundi wakaacha kazi. Nikauosha kwa sabuni. Nikaukausha. Nikaufuta wote kwa spiriti. Kisha nusu ya kulia nikaipaka polishi yangu, nikaisugua kwa bidii ileile ya siku ile. Nikakata vipande viwili vya mkanda, urefu wa kiganja na vidole, tepu ya roli moja, nikabandika kimoja huku na kimoja huku, Bosi anatazama dirishani. Fundi Kesho naye alikuwa anatazama, mikono nyuma.

"Sasa vuta!" nikamwambia Bosi.

Fundi Kesho akakohoa. "Bado, Shemeji. Mpaka kesho."

Wallahi nilitaka kumrukia. Mtu nakuokoa, unaniambia kesho! Lakini alikuwa na haki. Nikikosea jaribio, nimemzika. Basi tukaufunika ule mlango kwa turubai, na mimi nikaosha magari siku ile mpaka yakakaribia kutoka rangi. Kila nusu saa nilikwenda kulitazama turubai. Nyumbani watoto waliniuliza kama ninaumwa.

Ijumaa saa nne gereji nzima ilikusanyika. Hata muuza vipuri alivuka barabara. Bosi akafungua turubai, akashika kipande cha nusu ya kulia kwa vidole viwili, akavuta. Kikaja. Hakikulia hata kidogo. Akakitazama kama mtu aliyepewa sarafu asiyoijua. Akashika kile cha kushoto, akavuta kwa vidole viwili. Akavuta kwa mkono. Tukafunga kamba, tukaning'iniza dumu la lita tano limejaa maji. Likakaa. Tukaongeza jingine. Yakakaa. Mwisho Bosi akaondoa madumu, akakishika kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma na uzito wake wote ule, na mlango mzima ukamjia mwilini. Watu walicheka, na yeye akacheka, na mimi nilikuwa nalia waziwazi mbele ya wanaume wote wale, sijali.

"Fundi, utabaki," Bosi akasema akijifuta vumbi. "Meneja nitamwonyesha mlango huu." Kisha akanigeukia, na kicheko kikaisha. "Lakini mtu ni lazima nimtaje. Mama, wewe umejitaja mwenyewe."

Nikasema, "Sawa." Nilikuwa nimejiandaa. Nikainama kuokota ndoo yangu.

"Akiondoka huyu," Fundi Kesho akasema, "magari yale nani atayabandika upya?"

"Si wewe?"

"Macho yangu hayanitoshi tena. Ningekuwa naona sawasawa, polishi ile ningeiona. Nahitaji mtu wa kushika kazi hii, mtu ambaye hata akiamshwa usingizini hatasahau kufuta kabla ya kubandika." Akavua miwani yake, akaanza kuifuta. "Gereji nzima hii, mtu wa hivyo yupo mmoja tu."

Bosi akautazama ule mlango, kisha mimi, kisha ndoo yangu. "Mkanda mmoja ukianguka tena," akasema mwishowe, "mnaondoka wote wawili, wewe na huyu shemeji yako asiye shemeji."

"Nimekubali," akasema Fundi Kesho. Mimi hata sikuulizwa.

Magari yale mawili, yaliyokuwa yameegeshwa nyuma ya gereji tangu Jumatatu, yaliletwa mbele saa nane mchana. Fundi Kesho akanipa chupa ya spiriti, kitambaa cheupe, roli la tepu. Akanionyesha mlango wa kwanza tu, jinsi ya kuondoa polishi kwa sabuni kali kwanza, kisha spiriti, kisha kitambaa kingine kikavu, na jinsi ya kubonyeza kwa kiganja kuanzia katikati kwenda ncha. Halafu akaniachia. Milango iliyobaki ilikuwa yangu. Nilifuta mlango mmoja mara tatu. Nilimwaga maji nikaona yanatambaa vizuri, nikakausha, nikafuta tena. Nikwambie mapema usihangaike: haukubanduka hata mmoja, na mengine ishirini yalikuja. Lakini saa ile nani alijua?

Nilipoubonyeza mkanda wa mwisho nikamwita. Alikuwa amekaa kwenye benchi na birika la chai, amenipa mgongo.

"Shemeji, njoo ukague."

"Umefuta?"

"Nimefuta."

"Basi njoo unywe chai, inapoa."

Jina lake, kazi yake, chakula cha nyumba yake, vyote vilikuwa juu ya mikanda ile niliyoibandika mimi, mtu yuleyule aliyemponza wiki iliyotangulia. Na hakugeuka kutazama. Nilikwenda nikakaa kando yake, nikanywa chai huku machozi yakinidondokea kikombeni, na yeye akajifanya anatafuta sukari.